Ndege ya Kalundu na Watoto wa Bijombo

Kila Jumatano asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, Bénédicte aliipangusa ndege kwa kipande cha kikwembe kilicholowa maji ya ziwa, na Toussaint akaifunga kamba. Zilikuwa kamba nene za kivuvi. Toussaint, aliyekuwa mvuvi kabla ya kuwa mlinzi wa makumbusho, alizifunga kwa mafundo yaleyale ya kuzuia mtumbwi wakati wa upepo mkali: moja kwenye gurudumu la kushoto, moja kwenye la kulia, moja mkiani. Mkurugenzi, Papa Gaspard, ndiye aliyeagiza hivyo. Msimu wa mvua uliopita, katikati ya somo, ndege iliinuka mpaka bawa likatoboa bati, na maji yakaharibu picha ukutani.

"Weye kaza vizuri," Bénédicte alisema. "Leo somo ni refu."

"Nimekaza, Mama. Lakini iko na nguvu leo. Tangu asubuhi inatetemeka."

Makumbusho hayo yalikuwa ghala la zamani la pamba, Kalundu, karibu na bandari ya Uvira. Ndani mlikuwa na ndege hiyo moja tu, ya wakati wa Wabelgiji, iliyobeba barua na mabwana wa kampuni ya pamba mpaka siku ilipoanguka ziwani. Ililala majini miaka mingi. Wavuvi walioinasa kwa nyavu waliivuta nchi kavu kwa siku mbili wakiimba. Mashine yake ya kushoto ilibaki chini ya maji. Katika ile ya kulia, mbayuwayu walikuwa wamejenga, na kila mwaka walirudi kutaga humo. Bati lake lote lilikuwa limeliwa na kutu, likawa jekundu la kuiva.

Kuhusu kuinuka kwake, watu wa Kalundu hawakuwa na maneno mengi. Iliinuka ikisikia historia yake. Bénédicte aliposimama mbele ya watoto na kuanza kusimulia, magurudumu yaliachana na sakafu, kwanza kiasi cha kupitisha karatasi, halafu kiasi cha kupitisha mkono. Watoto walipitisha mikono. Mwalimu mmoja wa shule ya Mulongwe aliwahi kuuliza kama jambo hilo litatoka kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka. Bénédicte alimjibu kwamba halitatoka, na mwalimu akafunika kalamu yake.

Bénédicte alikuwa amefundisha historia katika sekondari kwa muda mrefu kabla Gaspard hajamwomba aje kuongoza masomo ya Jumatano. Alikuwa Muvira, mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya ziwa, mjane, mwenye sauti ya chini iliyofika mpaka benchi la nyuma. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba mwaliko uende kwa shule zote za teritwari, wilaya nzima ya Uvira, za bondeni kama Bwegera na Mutarule, na za milimani pia. Shule za bondeni zilikuja kwa malori. Za milimani hazikujibu, mpaka Jumatano hiyo, shule moja ya Bijombo ilipofika kwa miguu.

Walikuwa darasa la sita, watoto kumi na wanane, pamoja na mwalimu wao Azarias, mwanamume mrefu aliyevaa koti zito la baridi ya juu na fimbo ya kuchungia mkononi. Walikuwa wametembea siku mbili na kulala makanisani, wakiwa wamebeba viatu vyao ili visiishe njiani. Wengi hawakuwa wamewahi kulifikia ziwa. Kwao Bijombo, ziwa lilionekana siku za anga safi kama kisu kilicholazwa chini. Msichana mmoja, Iribagiza, alipofika ufukweni na kuona kwamba maji yale hayana mwisho, alisimama wima, akauvua mtandio wake kichwani, akabaki hivyo mpaka wenzake walipomvuta mkono. Azarias hakumharakisha. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama vilevile.

Bénédicte aliwaketisha kwenye mabenchi. Hakuanza na ubao wa ukutani, ulioandikwa jina la rubani na jina la kampuni. Alianza na swali alilowauliza watoto wote.

"Ndege haiwezi kushuka kwenye majani marefu. Sasa, ule uwanja wa Kavimvira, nani aliulima?"

Watoto wa mjini walizoea kujibu kwamba ni Wabelgiji. Watoto wa Bijombo walimtazama mwalimu wao. Azarias alisimama, kama mwanafunzi.

"Babu yangu alikuwamo," alisema. "Walimushusha toka mlimani pamoja na wenzake, wakavuta kwa kamba lile jiwe kubwa la kusawazisha udongo. Aliporudi, mkono mmoja haukufunguka tena. Alikuwa anakamua ng'ombe na mkono mmoja mpaka kufa kwake."

"Na wangu alikuwa upande wa pili wa kamba ileile," Bénédicte alisema. "Yeye hakurudi. Walimzika kwenye ukingo wa uwanja, na uwanja ulipopanuliwa, ndege zikaanza kushukia juu yake."

Alisema hayo kwa sauti ile ile ya chini, na ndege ikapanda. Ilipita kiasi cha mkono, ikapita magoti ya watoto, ikafika mabegani mwao, mpaka kamba zikanyooka na kulia kama nyuzi za zeze. Mbayuwayu walitoka kwenye mashine wakazunguka chini ya paa. Vumbi la kutu lilishuka polepole katika mwanga wa mlangoni, na watoto wakanyamaza namna watu wanavyonyamaza mvua kubwa inapoanza kunyesha nao wako ndani.

Toussaint alishika kamba ya mkia. "Mama, itakata."

Iribagiza ndiye aliyeinuka. Alikwenda chini ya tumbo la ndege, akalikuna kwa kucha, taratibu, mahali ambapo ng'ombe hupenda kukunwa.

"Iko na woga tu," alimwambia Bénédicte. "Ina jina?"

"Ina namba."

"Namba haiwezi kuitikia," msichana alisema.

Azarias alicheka kidogo. Akaitazama ile rangi nyekundu iliyoiva, akaita, kwa sauti ndefu ya mtu anayeita kutoka kilima kimoja hadi kingine: "Bihogooo!" Ndilo jina ambalo watu wa milimani huwapa ng'ombe wa rangi hiyo. Ndege iligeuza pua yake upande wa sauti. Halafu ikashuka, ikakaa sakafuni, ikatulia.

Bénédicte alikuwa ameishi na ndege hiyo kwa miaka, akiipangusa na kuisimulia, na haikuwa imewahi kumgeukia mtu. Ilimbidi anywe maji kabla ya kuendelea na somo.

Somo lilikuwa halijaisha Gaspard alipoingia na simu mkononi. Alimwita Bénédicte na Azarias pembeni, karibu na mlango.

"Vita imeanza tena kule juu," alisema. "Barieri ya barabara ya mlimani imefungwa. Hakuna mutu wa kupanda, hakuna wa kushuka. Na pasta wa kule mulikolala anasema musirudie kanisani. Kuna batu bamekuya kuuliza batoto wako wapi."

"Batu gani?" Azarias aliuliza.

"Batu tu. Bijana."

Azarias aliitazama saa yake, jambo lisilokuwa na maana yoyote, kisha akarudi kukaa na watoto wake na kuwaambia wafungue vyakula vyao. Walikuwa na viazi vya kuchemsha na jibini. Wakala. Iribagiza alimpelekea Toussaint kipande cha jibini, akakila hapo hapo kando ya kamba.

Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa barabarani mbele ya lango. Baadhi walikuwa na mawe, baadhi walikuja kuangalia tu wale wenye mawe. Walisema kwamba ndani ya makumbusho kuna wageni, jina walilowapa watu wa milimani, na kwamba wageni warudi kwao. Mtu mmoja aliuliza kwao ni wapi, ikiwa barieri imefungwa.

Bénédicte alitoka akasimama langoni. Aliwajua wengi wao. Nusu yao aliwafundisha. Mbele kabisa alisimama Émérance, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, jirani yake ukuta kwa ukuta. Mtoto wa Émérance, Aimé, alikuwa ameuawa katika vita vya kule juu mwaka uliotangulia, na mwili wake haukuletwa.

"Émérance, dada yangu," Bénédicte alisema. "Hawa ni batoto ba shule."

"Na wangu alikuwa nini?"

Bénédicte alikuwa amekaa na Émérance siku zote za matanga, wakakaa pale bila kaburi la kwenda kulitazama.

"Aimé hakuuawa na batoto," alisema.

"Najua," Émérance alisema. "Minye najua, Bénédicte. Lakini nikibaona nasikia joto hapa." Aligusa kifua chake. "Utoe bale batoto. Ukiwaacha mpaka jioni, minye siwezi kuzuia mutu, na sijui kama nitataka."

Bénédicte alirudi ndani. Azarias alikuwa amesimama chini ya bawa, kiganja chake kimelazwa juu ya bati.

"Mama," alisema, "hii inaweza kubeba?"

"Haijawahi kutoka mlangoni."

"Haina mashine," Gaspard alisema. "Moja iko ziwani. Ingine iko na ndege wa kutaga."

"Tangu tuitoe majini haina mashine," Toussaint alisema, "na kila Jumatano inaruka. Shida yetu imekuwa kuizuia."

Gaspard aliwaza. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema kwamba, kama ni hivyo, milango mikubwa ya upande wa ziwa isivunjwe bali itolewe kwenye bawaba zake, na mbayuwayu waachwe walipo, kwa sababu walikuwa na mayai. Kisha akavua koti lake akaenda kushika mlango.

Watoto waliingia ndani ya ndege wakabanana, wakubwa wakiwapakata wadogo. Mara tu wa mwisho alipoketi, ndege ikawa nzito. Toussaint na Gaspard waliisukuma, haikusogea. Azarias aliita "Bihogo" mara ya pili na ya tatu, ikageuza pua lakini magurudumu hayakuzunguka. Ndani watoto walikuwa wanatetemeka. Woga wao ulikuwa umeingia kwenye bati, na uzito wa woga, Toussaint alieleza, ni kama uzito wa maji ndani ya mtumbwi: hauonekani mpaka uanze kuvuta.

"Tunahitaji mikono," alisema.

Alizichukua zile kamba tatu, akazivuta mpaka mchangani, mahali ambapo watu wa barabarani waliweza kumwona kupitia uwazi wa ukuta, akaanza kuimba wimbo wa kuvutia. Ni wimbo ambao pwani ya Uvira huimba kila mtumbwi mkubwa unapotolewa majini, na aliyezaliwa hapo hawezi kuusikia mikono yake ikabaki mfukoni.

"Kuya inchi kavu!" Toussaint aliimba peke yake.

Mara ya kwanza hakuna aliyeitikia. Mara ya pili mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa miongoni mwa waliovuta ndege hiyo kutoka majini, aliitikia kutoka barabarani, "Kuya!" Akapita kwenye uwazi, akashika kamba. Wakafuata wachuuzi wa bandarini. Wakafuata vijana, na kwa kuwa kamba hushikwa kwa mikono miwili, mawe yalibaki chini. Émérance alikuja miongoni mwa wa mwisho. Aliifunga kanga yake vizuri kiunoni, akashika kamba ya mkia, akavuta bila kuwatazama watoto waliokuwa wakimtazama kupitia madirisha.

Ndege ilitoka mlangoni ikiwa na watoto wa Bijombo ndani na watu wa Kalundu kwenye kamba. Waliivuta mpaka mchanga mgumu ulioko kando ya maji. Upepo wa ziwa ulikuwa umeshaamka.

"Sasa itapanda namna gani?" kijana mmoja aliuliza, akipangusa jasho.

"Kwa historia," Gaspard alisema.

Kwa hiyo Bénédicte alisimama mchangani akafundisha. Halikuwa darasa lake la kawaida. Ilikuwa umati mzima, umeshika kamba. Alisimulia uwanja ulivyolimwa. Aliwataja waliotoka pwani na waliotoka mlimani. Alieleza jinsi walivyofungwa kamba moja kiunoni, wakawa wakigawana kiazi na ndagala kwa sababu hakuna upande uliopewa chakula cha kutosha. Alieleza kwamba wimbo wa kuvuta, huo waliokuwa wameuimba sasa hivi, watu wa mlimani walirudi nao kwao na mpaka leo wanauimba wakivuta mbao msituni. Hapo watoto ndani ya ndege waliufahamu. Wakaanza kuitikia, "Kuya! Kuya!" kwa matamshi ya juu, na sauti zao zikatoka kupitia matobo ya kutu.

Magurudumu yaliacha mchanga.

Hakukuwa na mlio. Jambo hilo ndilo watu walilolikumbuka baadaye: kwamba kitu kikubwa hivyo kilipanda bila mlio, isipokuwa watoto wanaoimba. Azarias, aliyekuwa mbele mahali pa rubani, alitoa kichwa dirishani akaita mara moja, "Bihogo, twende nyumbani," na ndege ikaelekeza pua mlimani. Toussaint aliachia kamba ya kwanza, Gaspard ya pili. Kamba ya mkia ilikuwa mikononi mwa Émérance. Aliishikilia. Ndege ikangoja juu yake, kivuli chake kimemfunika pamoja na wale waliokuwa jirani naye, na uso wa Iribagiza ulikuwa kwenye dirisha la nyuma. Walitazamana. Émérance alifungua vidole kimoja kimoja, na kamba ikapita kiganjani mwake ikaondoka na ngozi kidogo.

Ndege ilipita juu ya bandari na juu ya mapaa. Wanawake waliokuwa wameanika ndagala walizishika kwa mikono zisipeperuke, wakatazama juu. Mbayuwayu waliifuata nyuma, kwa kuwa mayai yao yalikuwa humo. Ilizidi kupanda kando ya milima, nyekundu juu ya kijani, ndogo zaidi na zaidi, na wimbo uliendelea kusikika muda mrefu baada ya yenyewe kuingia mawinguni. Ufukweni watu walikuwa wamepiga magoti bila kukubaliana. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee aliyeitikia wa kwanza alilia waziwazi, akasema kwamba sasa anaweza kufa, ingawa hakufa.

"Ndege yetu ni nzuri," Émérance alisema.

"Ni nzuri," Bénédicte alisema. Alikuwa ameshika mkono wa mwenzake uliochubuliwa na kamba, anaufunga kwa kile kipande cha kikwembe.

"Unafikiri batoto bamefika?"

"Azarias ataniita kwa simu."

"Bafike salama." Émérance alikitazama kile kitambaa mkononi. "Lakini basirudi huku, Bénédicte. Uwaambie basirudi."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesema mvua inakuja. Vijana nao walikuwa wanarudi barabarani wakiongea juu ya ndege, na njiani mmoja aliokota jiwe lake, akalitazama, akaenda nalo nyumbani.

Simu ya Azarias iliingia jioni. Walikuwa wameshuka kwenye malisho, ng'ombe wakasogea kuwapisha, na wazazi waliwapokea kwa maziwa. Alfajiri iliyofuata ndege ilikuwa imerudi ghalani peke yake, ikiwa na majani ya milimani kwenye magurudumu.

Ofisi ya elimu ya Uvira iliandika kuyasifu makumbusho. Pia iliandika kwamba, kwa usalama wao wenyewe, shule za Nyanda za Juu, huko milimani, zimeondolewa kwenye masomo ya Jumatano mpaka barabara itakapofunguliwa. Bénédicte alikwenda kuuliza itafunguliwa lini. Alikwenda mara nyingi. Walimpa kiti, wakamsikiliza, wakamuuliza habari za ndege.

Ikabidi ndege iende yenyewe. Siku hizi, kila Jumanne, watu wa Kalundu huivuta mpaka ufukweni, wakiimba, na Émérance huwa miongoni mwao. Inapanda Bijombo tupu. Azarias huwafundisha watoto wake hapo malishoni, ndani ya ndege mvua ikinyesha, na Jumatano asubuhi inarudi kwa watoto wa mjini. Wakuu wa barieri huitazama ikipita juu yao na kuipungia mkono. Chini yake hakuna mtoto anayepita.

Jumatano iliyopita lilikuja darasa la shule ya Kimanga. Mvulana mmoja aliruhusiwa kuingia ndani ya ndege kabla ya somo. Aliketi kwenye benchi la nyuma, mara akainuka, akalipapasa kwa kiganja.

"Mama, hapa iko na joto," alisema. "Nani alikuwa amekaa?"

"Batoto," Bénédicte alisema.

"Batoto gani?"

"Ba darasa la sita, kama weye."

Mvulana alichungulia dirishani, kisha akatazama mabenchi mengine, na wenzake wakapanda mmoja baada ya mwingine kuyapapasa. Yote yalikuwa na joto. Walikaa juu yake, wakiwa wamebanana, mpaka Bénédicte alipowaita washuke waanze somo.